Mpeni Mwanafunzi Uwanja: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,



Ninaandika kwa niaba ya mtu ambaye huenda hajawahi kufika ofisini kwenu. Hana kampuni, hana mkataba wa kupiga picha za matangazo, wala hapimi mashamba ya watu kwa malipo. Ni kijana wa chuo, ni fundi simu, ni mwalimu wa shule ya msingi, ni binti aliyetumiwa zawadi na shangazi yake aliye ughaibuni. Mkononi ana droni ndogo isiyofika gramu 250, na anataka kujua kuirusha kwa sababu anapenda tu. Kampuni kubwa ina wakili wa kuisomea sheria na mkufunzi wa kuifunzia marubani. Huyu hana wa kumuuliza. Kwa hiyo yeye ndiye anayeuhitaji mkono wenu zaidi.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema lisije likapotelea ndani ya maelezo: tengeni mahali pa kujifunzia. Kila kaunti iwe na walau uwanja mmoja unaojulikana, wenye siku zake na saa zake, ambapo anayeanza atakwenda na droni yake iliyosajiliwa, asimamiwe na mwenye uzoefu, kisha arudi nyumbani bila kujificha. Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zilituondolea wasiwasi wa muda mrefu. Zile zilizotangulia, za 2017, Bunge lilizibatilisha mwaka 2018, na kwa kipindi hicho mwenye droni nchini Kenya hakuwa na uhakika kama yuko kwenye burudani au kwenye kosa la jinai. Sasa tunajua tulipo. Droni isipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120, kutoka ardhini. Isisogee chini ya mita 50 karibu na watu, magari au majengo yasiyohusika na urushaji. Isajiliwe, na anayetaka kuiingiza nchini apate kibali kwanza. Mmiliki awe ametimiza miaka 18. Bila idhini, asirushe ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege wala ndani ya kilomita 7 za vile vidogo. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Rubani anayeishusha ndege ya abiria katika uwanja wa ndege wa Moi, Port Reitz, Mombasa, hawezi kuiona droni ya gramu 249 mpaka iwe imeshamfikia.

Lakini hebu chukueni ramani ya Pwani mchore maduara hayo. Duara la kilomita 10 kutoka uwanja wa Moi linameza karibu kisiwa chote cha Mombasa, kwani hata Fort Jesus, iliyo ukingoni kabisa mwa bahari, iko kama kilomita 10 tu kutoka uwanjani. Changamwe imo, Mikindani imo, Likoni imo, na sehemu ya Kisauni imo. Nendeni kusini: ufuo wa Diani, ambao kila mwenye kamera angependa kuupiga kutoka juu, uko jirani kabisa na uwanja mdogo wa Ukunda. Nendeni kaskazini: Malindi uwanja uko ubavuni mwa mji. Mji wa kale wa Lamu, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, unatazamana na uwanja wa Manda ng'ambo ya mkondo. Nairobi nako, Wilson, Jomo Kenyatta na kituo cha jeshi la anga cha Eastleigh vimelizunguka jiji kiasi kwamba katikati hapabaki kitu. Yaani kila mahali panapomvuta mtu kununua droni ndipo tusiporuhusiwa kuirusha, na kwa sababu nzuri.

Mwanafunzi anayeisoma sheria kwa uaminifu anaelewa vizuri wapi asiende. Wapi aende, hilo ndilo linalomshinda. Mimi ninayekaa Kilifi na kuwafunza vijana kurusha sijui kibao hata kimoja ukanda huu kilichoandikwa kwamba hapa, Jumamosi asubuhi, mwanafunzi wa droni anakaribishwa. Vijana wanaonijia huwa wameshauliza kwa chifu, wameshauliza katika ofisi hii na ile, na kila mmoja amewaelekeza kwa mwingine. Wenye subira wanasubiri. Wasio na subira wanapanda darini.

Naomba mlitazame hilo la kupanda darini kwa jicho la ufundi, kwa maana ndipo madhara yanapoanzia. Droni hizi ndogo zinajua mahali zilipo kwa kusoma setilaiti, na zinajua zimeelekea wapi kwa dira iliyomo ndani yake. Ukiiweka juu ya sakafu ya zege iliyojaa nondo, karibu na mabati, tangi la maji lenye fremu ya chuma na mlingoti wa simu, dira inadanganyika. Itapaa vizuri. Ikishafika juu, mbali na chuma kile, hesabu zake hazilingani tena, nayo inaanza kuzunguka kama inayotafuta kitu huku mrushaji akivuta rimoti bila kuelewa. Tena mwenye kujificha hupenda kwenda haraka. Hangoji setilaiti zitimie. Droni haijaandika kumbukumbu ya mahali ilipoondokea, na siku mawasiliano yakikatika haina nyumbani pa kurudi. Huyo huyo, kwenye uwanja mpana wa nyasi, angeiweka chini, akasubiri dakika moja, akaona kwenye skrini kwamba mahali pa kuondokea pamekwisha kuandikwa, ndipo akapaa. Kijana ni yule yule na mashine ni ile ile. Mahali ndipo pamebadilika.

Saa za kwanza za mrushaji ndizo zinazomjenga au kumharibu. Wanaouza droni husema inajirusha yenyewe, na kwa kiasi ni kweli: ukiachia rimoti inaelea pale pale. Urahisi huo unamdanganya anayeanza. Droni ikiwa imekupa mgongo, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka ikakutazama, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake, na mikono ya mtu asiyezoea huipeleka mnazini badala ya kuiondoa. Dawa yake ni mazoezi ya kuchosha kidogo: kuielesha kimo cha kichwa, kuipeleka mraba, kuipeleka namba nane, kisha kuigeuza ikutazame na kuyarudia yote hayo. Nawahimiza wanafunzi waanzie kwenye programu za kompyuta za kuigiza urushaji, maana huko kuanguka hakugharimu kitu. Lakini kompyuta haina upepo wa Kilifi.

Na upepo, ndugu zangu, ndio mwalimu mkuu wa Pwani. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma, na katikati ya msimu huo inaweza kuvuma siku kutwa bila kupumzika. Droni ndogo nyingi zimeundwa kustahimili upepo usiozidi kilomita 38 hivi kwa saa, na upepo wa juu huwa mkali kuliko ule unaoupiga uso wako chini. Anayeanza anasimama ufuoni, anairusha kufuata upepo, nayo inakwenda kwa kasi ya kufurahisha. Betri ikifika nusu anaigeuza. Sasa inapambana na upepo ule ule, inakula betri maradufu, na inasogea polepole au haisogei kabisa. Kitufe cha kurudi nyumbani hakimsaidii, kwa sababu kurudi kwenyewe ndiko kulikoshindikana. Ninachowafunza vijana ni kinyume: anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili safari ya kurudi iwe ndiyo nyepesi, na shuka betri ikiwa bado ina theluthi. Wavuvi wetu walilijua jambo hili kwa tanga kabla ya betri kuzaliwa, na mtoto wa mvuvi hulielewa mara moja akiambiwa. Tatizo ni kwamba hakuna mahali rasmi pa kumwambia.

Kila pahali pana somo lake. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mapangaboi yanazunguka kwa nguvu zaidi kuibeba droni ile ile, na dakika za angani zinapungua. Iten na Eldoret ni zaidi ya hapo. Mwewe naye ana maoni yake kuhusu kitu kigeni kinachopita karibu na kiota chake. Betri za lithiamu zina masharti yake: iliyovimba isirushwe, isiyotumika iwekwe ikiwa na chaji ya nusu hivi, na zote zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Hakuna gumu katika haya. Yanahitaji mtu wa kuyasema na uwanja wa kuyaonyesha.

Kuna somo moja, hata hivyo, ambalo halimo katika kijitabu chochote cha kiwandani, na ndilo linalonikosesha raha kuliko kuanguka kwa droni. Ni suala la sitara.

Nyumba za Lamu, za Mji wa Kale wa Mombasa, na za miji yote ya Waswahili, zilijengwa kwa makusudi. Ukuta wa barabarani ni mrefu na hauna madirisha ya kuchungulia. Mlango unafunguka kwenye daka, na mgeni husubiri hapo mpaka aitikiwe hodi yake. Ua uko ndani, na darini juu wanawake huanika nguo, husukana nywele, hupunga upepo jioni bila buibui wala mtandio, wakijua hakuna jicho la kiume litakalofika. Kwa karne nyingi usanifu huo ulitosha. Kisha ikaja mashine inayopanda juu ya ukuta kwa sekunde chache na isiyopiga hodi.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu na faragha yake, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu picha inayomtambulisha mtu. Mwanasheria atalijua hilo. Kijana wa miaka 19 aliyeinua droni ili apate paa za makuti wakati jua linachwa hafikirii sheria wala hafikirii ubaya. Anafikiria picha. Hajui kwamba mama mmoja chini yake amekimbilia ndani akiwa amejifunika kwa mikono, na kwamba kuanzia jioni hiyo dari ile haitakuwa tena ya familia. Nimezungumza na akina mama waliokwishaacha kukaa darini kwao kwa sababu hii. Hawalalamiki kwa sauti. Wameshuka tu chini, kwenye joto.

Mita 50 za kanuni zenu zinalinda mwili wa mtu usigongwe. Haziulindi uso wake usionekane, maana kamera za leo huona vizuri kutoka mbali zaidi ya hapo. Kinachoweza kumlinda mama yule ni mrushaji aliyelelewa: aliyefunzwa tangu siku yake ya kwanza kwamba kabla ya kupaa karibu na makazi unamwona mzee wa mtaa, unawaambia watu utarusha saa ngapi na upande gani, unaelekeza kamera baharini unapovuka mapaa, na ukiombwa ufute picha unafuta mbele ya aliyeomba. Adabu hiyo haiwezi kupatikana kwa faini peke yake. Hufunzwa na mtu, ana kwa ana, mahali panapojulikana. Ndiyo maana narudi kwenye uwanja.

Wapo watakaosema, nami nawasikia: ukiwafungulia mlango hawa wa burudani, utawaleta wengi, na wengi wataleta ajali. Hoja hiyo ni nzito na sitaidharau. Januari 2025, moto mkubwa ulipokuwa ukiteketeza vitongoji vya Los Angeles, mtu mmoja alirusha droni yake kutoka juu ya jengo la kuegesha magari ili auone moto. Iliruka kiasi cha kilomita 2.5, akapoteza kuiona, nayo ikagonga bawa la ndege iliyokuwa ikichota maji baharini na kuyamwaga juu ya moto. Bawa lilitoboka. Ndege ilitua salama, lakini iliwekwa chini kwa siku kadhaa huku nyumba za watu zikiungua. Hakuwa gaidi wala jasusi. Alikuwa mtu wa kawaida aliyetaka kuangalia.

Mimi nalisoma tukio hilo kama hoja ya kufunza. Mambo matatu yaliyomkosesha mtu yule, yaani kurusha penye shughuli ya dharura, kwenda mbali kuliko macho yanavyofika, na kuendelea baada ya kupoteza kuiona, ndiyo mambo ya somo la kwanza kabisa kwa anayeanza. Aliyeyazoea akiwa uwanjani, mwenzake mwenye uzoefu akimwambia "ishushe" mara tu inapofifia machoni, huyo mkono wake unashuka wenyewe siku ya majaribu.

Nchi nyingine zimepata njia ya kumfikia mtu huyu. Marekani tangu Juni 2021 ina mtihani mfupi wa usalama kwa warushaji wa burudani. Ni wa bure, unafanyika mtandaoni, na ukikosea swali unaelezwa kwa nini umekosea kisha unajibu tena, maana shabaha ni uelewe. Uingereza ina mtihani wa maswali 40, nao pia ni wa bure. India ilipotoa kanuni zake za 2021 iliamua kwamba droni zisizozidi gramu 250 hazihitaji leseni ya rubani. Sisemi tunakili. Nchi yetu ina mipaka yake, ina vikosi vilivyo vitani na magaidi, na usalama una uzito wake. Kinachofaa kuigwa ni kule kumtambua anayeanza kuwa mwanafunzi, mwenye mlango wake wa kuingilia.

Kwa hiyo pamoja na uwanja naomba mtihani, uwe kwenye simu, usio na malipo, na uwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kanuni za 2020 zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na fundi simu wa Mtwapa hapaswi kuhukumiwa kwa kitabu ambacho hakuandikiwa. Na maswali yawe ya kwetu. Kwa mfano: umesimama Bofa mwezi wa Julai, kusi inavuma kutoka mkono wako wa kulia ukitazama bahari, utaanza kuelekea upande gani, na kwa nini? Au: unataka kupiga picha za arusi kwenye shamba la binamu yako, jirani ana ua wa makuti na wanawake wanapika, utafanya nini kabla ya kupaa? Au: helikopta ya uokoaji imetokea ghafla, unashuka, unapanda, au unasubiri ipite? Au: uko Kinango, ng'ombe wanarudi malishoni, sauti ya droni itawafanya nini? Kijana atakayejibu maswali kama hayo atakuwa amelazimika kuifikiria nchi anayorushia.

Uwanja wenyewe si mradi wa mabilioni. Ardhi ya wazi ipo Kinango, ipo Kaloleni, ipo Ganze, mbali na maduara yote niliyoyataja. Kiwanja cha mpira cha shule siku za mapumziko kinatosha. Panahitajika kibao chenye kimo kinachoruhusiwa na nambari ya simu ya kupiga kukiwa na dharura, kitambaa juu ya mti cha kuonyesha upepo, ndoo za mchanga kwa betri itakayowaka, sanduku la huduma ya kwanza, daftari la kuandika jina, nambari ya usajili wa droni na saa ya kupaa, na msimamizi mliyemthibitisha. Wasimamizi wapo. Miongoni mwa wale mliokwisha kuwapa leseni za urubani wa droni kwa kazi, najua wengi ambao wangekubali kutoa asubuhi moja kwa mwezi bila malipo, kwa kuwa wao ndio wanaochukiwa kwanza mtu asiyejua anapofanya kosa. Kaunti zitoe ardhi, nyinyi mtoe idhini ya kudumu ya anga ya pale na mkubaliane mapema na Wizara ya Ulinzi, ili kijana asihitaji kuomba upya kila anapotaka kufanya namba nane.

Mtakuwa na faida ambayo leo hamna. Mtawajua warushaji wenu. Daftari la uwanjani litawaambia ni wangapi, wana mashine za aina gani, na wanakosea wapi. Aliyekwenda porini au darini hana daftari.

Jambo la umri nalo lifikiriwe. Sheria inamtaka mmiliki awe na miaka 18, na naielewa sababu, maana mtu wa kuwajibika lazima awepo. Lakini kupenda kuruka hakungoji miaka 18. Kunaanza darasa la sita, mtoto anapotengeneza kishada kwa karatasi na njiti. Naomba iandikwe waziwazi, kwa lugha ambayo mwalimu mkuu wa shule ataielewa, kwamba mtoto anaweza kuishika rimoti katika uwanja uliotengwa, mmiliki mtu mzima akiwa ubavuni mwake. Sheria ya barabara inamruhusu mwanafunzi kuendesha gari akiwa na kibao cha "L" na mwalimu kando yake, na barabara hazijafungwa kwa sababu hiyo.

Majirani zetu wameona matunda ya kuwaamini wanafunzi. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga ramani ya visiwa vyake kwa droni, Kamisheni ya Ardhi ikiongoza kwa msaada wa Benki ya Dunia, na miongoni mwa waliozirusha walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Unguja na Pemba zilipigwa picha na vijana wa huko huko, wanaojua majina ya vijiji walivyokuwa wakivipita. Malawi ilifungua chuo cha droni na data jijini Lilongwe Januari 2020 kwa ushirikiano na UNICEF. Kazi hizo ni kubwa kuliko burudani, nalijua hilo. Lakini waulizeni wengi wanaozifanya walianzaje, watawaambia walianza kwa kupenda, na mtu akawaonyesha.

Kwenu nyinyi mlio na droni na mnaoisoma barua hii begani mwa Mkurugenzi: kuomba uwanja hakutupi ruhusa ya kuvunja sheria tukisubiri. Ambaye hajasajili, asajili. Anayekaa ndani ya duara, asirushe ndani ya duara. Anayesafiri kwenda mbugani ajue kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halimruhusu kurusha bila kibali chake. Tukienda kuomba kuaminiwa, twende tukiwa wasafi.

Mheshimiwa, tuko tayari kuja Nairobi, au mtume afisa wenu Pwani, tukae naye siku moja tumwonyeshe maeneo matatu ya wazi ambayo tumekwisha kuzungumza na wenyeji wake. Msipoyapenda hayo, tuonyesheni nyinyi mengine. Anzeni na uwanja mmoja wa majaribio katika kaunti moja, kwa mwaka mmoja, kwa masharti mtakayoyaweka nyinyi, na mwisho wa mwaka mpime wenyewe kama upanuliwe au ufungwe. Tunaomba jibu la maandishi, na tunaomba lifike kabla ya msimu ujao wa kaskazi, wakati zawadi za mwisho wa mwaka zinapofunguliwa na droni nyingi mpya zinapoingia mikononi mwa watu ambao hawajawahi kurusha.

Wako mtiifu,

Mrushaji na mkufunzi wa droni,
Kilifi